Piano inakaaje pamoja na muziki wa jadi wa Iran bila kuuharibu?

Mwanafunzi wa Kanuni aliuliza:

Ndugu zangu, salaam. Ninajifunza kanuni, ile ala ya nyuzi nyingi ya taarabu, hapa Unguja, na siku hizi ninaisikiliza sana albamu ya It's Still Autumn ya mwaka 2019, ambamo Kayhan Kalhor, mzaliwa wa Tehran anayepiga kamancheh, fidla ya Kiirani, anapiga pamoja na wanajazi watatu wa Uholanzi wanaoongozwa na Rembrandt Frerichs. Kanuni yangu ina vipande vidogo vya chuma chini ya nyuzi, navyo huniwezesha kuipata sauti iliyo katikati ya vibonye viwili vya piano. Piano ya kawaida haina sauti hiyo, ilhali muziki wa jadi wa Iran hauwezi kuishi bila yake. Je, anayechanganya jadi hiyo na jazi hulazimika kuacha kitu?

Mpenda Fidla alijibu:

Swali lako ni zito, mwanangu. Wairani wana alama iitwayo koron, ambayo huishusha noti kwa takriban robo toni, na nyingine iitwayo sori, ambayo huipandisha. Segah, moja ya dastgah (mifumo mikuu ya sauti) saba za muziki huo, hutulia juu ya noti yenye koron, kwa hiyo ukiipiga kwa piano isiyosawazishwa upya unakuwa umeuondolea wimbo mahali pake pa kupumzikia.

Hata hivyo, Wairani wenyewe hawakuingoja jazi iwafundishe. Morteza Mahjubi, aliyesikika katika vipindi vya Golha vya Redio Tehran, aliisawazisha piano yake upya ili ifuate sauti za Kiirani. Katika zama zetu Hafez Modirzadeh, mpuliza saksafoni Mmarekani mwenye asili ya Iran, amefanya jambo la aina hiyo ndani ya jazi yenyewe: katika Facets ya mwaka 2021 baadhi ya noti za piano zimebadilishwa, na wapigaji wake, Kris Davis, Tyshawn Sorey na Craig Taborn, wanalazimika kutafuta njia mpya kwenye ala waliyoizoea. Saksafoni huikunja sauti kwa midomo na vidole. Safari hii piano ndiyo iliyosogea kuifuata, na kwangu mimi huo ndio mchanganyiko wa haki.

Msikilizaji wa Mombasa alijibu:

Kwa heshima zote, mzee wangu, naona hatari kubwa zaidi iko kwenye kodi za piano, yaani noti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja, kuliko kwenye robo toni. Mwanajazi kwa kawaida hubuni juu ya mfululizo wa kodi. Mwanamuziki wa Iran hubuni kutokana na radif, hazina ya tungo anayoihifadhi kichwani kwa miaka mingi, akihama kutoka gushe (kipande kimoja cha hazina hiyo) moja hadi nyingine bila kodi yoyote chini yake. Mpiga piano akimwaga kodi nzito, sikio la msikilizaji huvutwa kwingine hata kama piano imesawazishwa vizuri.

Frerichs anapiga fortepiano, piano ya kizamani ambayo sauti yake hufifia upesi, hivyo kamancheh hupata nafasi. Mtazameni pia Kalhor akipiga: ala imesimama juu ya mguu wake wa chuma, naye huigeuza ala yenyewe ili uta ukutane na uzi autakao, huku vidole vya mkono wa kulia vikikaza na kulegeza nywele za uta. Kwa namna hiyo amekutana na sitar ya Shujaat Husain Khan wa India, bağlama ya Erdal Erzincan wa Uturuki na kora ya Toumani Diabaté wa Mali, na hakuna aliyemtaka mwenzake aiache lugha yake.

Mwanafunzi wa Kanuni aliandika:

Nawashukuru nyote wawili. Jana niliiweka kanuni katika Rasti, mojawapo ya makamu za taarabu, ambayo noti yake ya tatu ndiyo ile ya katikati, nikamwomba rafiki yangu apige noti ya kwanza na ya tano tu kwenye kinanda. Tulikwenda pamoja bila tatizo. Alipoongeza noti ya tatu ili kuijaza kodi, sauti zetu ziligombana papo hapo, nikalazimika kusimama. Sasa nataka kusikia piano ya Mahjubi. Mzee wangu, nianze na rekodi zake zipi?