Vikanda vya Makete, kuna anayejua namna ya kuvilima?

Mkulima wa Makete: Wakuu habari za saa hizi, naomba kujuzwa. Huku kwetu vikanda, yale maua ya okidi yenye viazi chini ambayo watu wanachimba yanapelekwa Zambia kupikiwa kile chakula kinachoitwa chikanda, vinazidi kuadimika, zamani unavikuta hata pembeni ya njia sasa hivi mpaka uende mbali kweli. Nikawaza si tuvilime tu kama viazi mviringo, porini napo papumue? Shamba ninalo, baridi ipo, mbegu napataje?

Fundi Miche: Mkuu wazo zuri sana ila kikanda siyo kiazi mviringo. Mbegu yake ni vumbi, ukipasua ganda lililokauka inapeperuka kama unga, na ndani haina akiba ya chakula kama punje ya hindi, kwa hiyo haioti mpaka ikutane na fangasi wa kwenye udongo wailishe. Sasa ukipulizia ile dawa ya ukungu ya viazi unawaua haohao. Halafu maji yanatakiwa wakati wa mvua tu, Novemba hadi Aprili hivi, kiangazi majani yanakauka kiazi kinalala chini, ukimwagilia mwaka mzima kinaoza.

Dada wa Uwandani: Naongezea hapo. Ukichimba kikanda unakuta viazi viwili, kimoja kimesinyaa ndio kimelisha ua la mwaka huu, kingine kigumu ndio cha mwakani. Wachimbaji wanabeba kile kigumu wanatupa kilichosinyaa, yaani mwakani pale hapaoti kitu, inaniuma sana. Kitulo yenyewe, Bustani ya Mungu, imekuwa hifadhi ya taifa tangu 2005 na ina aina kama 45 za okidi za ardhini, kuchimba mle ni kosa, na kuvusha okidi mpakani kunataka kibali cha CITES, ule mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea ya porini iliyo hatarini.

Mkulima wa Makete: Asanteni sana. Na nikihamisha vichache pamoja na udongo wake?

Fundi Miche: Hapana mkuu, usiving'oe, hapo unapunguza vilevile vilivyobaki. Kama una kipande cha nyasi hakijawahi kulimwa kiache hivyohivyo, ng'ombe wasiingie kuanzia maua yanapotoka mpaka maganda yapasuke upepo ubebe mbegu. Fangasi akiwepo vitaota vyenyewe, ila jipange kusubiri miaka kabla hujaona ua.

Mkulima wa Makete: Kipande kipo, kule juu karibu na chemchemi. Nazungushia uzio kabla ya mvua.