Kikoba chetu kinakusanya vizuri, ila Januari wanachama wanakimbilia kausha damu, ile mikopo ya mtaani ya riba kubwa. Tufanye nini?

Mweka Hazina:
Habari zenu ndugu zangu. Naweka hazina ya kikoba cha akina mama 27 hapa Ifakara, mwaka wa sita sasa. Tunakutana kila Jumatano saa kumi jioni, hisa 2,000, mfuko wa jamii 500. Sanduku ni la bati, lina kufuli tatu, na funguo ziko kwa akina mama watatu tofauti. Linalala kwangu lakini kulifungua siwezi.

Kikoba kimetusaidia sana. Kuna mwenzetu alianza na beseni la vitumbua, leo ananunua mpunga na kukoboa. Lakini Desemba tunavunja, kila mtu anachukua chake, sikukuu inapita. Januari palizi imefika, shule zimefunguliwa, na sanduku halina kitu.

Mwaka huu mmoja wetu akaenda kausha damu. Aliandikiwa 100,000, akapewa 90,000, wakasema 10,000 ni ya fomu. Marejesho 5,000 kila siku kwa siku 26. Daftari lake nimelishika: tiki za kalamu nyekundu mpaka siku ya 14, baada ya hapo kurasa nyeupe. Wakaja kubeba cherehani. Nilimkuta barazani ameshika mkasi mkononi, hasemi chochote, na sare za watoto wa watu ziko nusu. Mwingine alichukua 40,000 kwa ahadi ya gunia la mpunga. Kuvuna, gunia lile lile likawa linauzwa 75,000.

Wapo wanaosema tupeleke hela benki, wapo wanaosema tuombe mkopo wa halmashauri. Wengine hata namba ya NIDA, ya kitambulisho cha taifa, hawana. Naombeni ushauri wa kweli, hawa ni watu wangu.

Saro Tano:
Poleni sana mama. Mimi pia ni mkulima wa mpunga, na kwa ninavyoona ugonjwa uko kwenye mwezi mnaovunja. Mnagawana kabla ya wakati ambao hela inahitajika kuliko wakati wowote. Anzeni mzunguko mkishavuna, mwezi wa sita au wa saba, hela ikiwa mikononi, mvunje wiki ya pili ya Januari. Aliyeweka gunia zake ghalani atakuwa anauza kwa bei nzuri kipindi hicho, kwa hiyo hata kumaliza deni la kikoba hatasumbuka. Tena msigawane zote. Sisi tunaacha theluthi moja ndani, ndiyo ya kukopeshana wakati wa palizi. Mwaka wa kwanza watu walinuna. Wa pili hakuna aliyeuza mpunga ukiwa shambani.

Mjukuu wa Mahenge:
Huyo wa cherehani asinyamaze. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ipo tangu 2018, na Benki Kuu iliweka ukomo kwa wakopeshaji wa daraja la pili, yaani wanaokopesha bila kupokea amana: riba isizidi asilimia 3.5 kwa mwezi. Pigeni hesabu. Kwa 90,000 alizopokea, riba ya mwezi ni 3,150. Yeye alitakiwa arudishe 40,000 zaidi ya alichopokea, na mwezi haujaisha! Muulizeni huyo bwana leseni yake na nakala ya mkataba. Na wale wa kwenye simu msiwasahau, Novemba 2024 Benki Kuu ilitaja programu 69 zilizokuwa zinakopesha bila kibali.

Binti Kilosa:
Mkopo wa halmashauri ni mzuri, hauna riba. Ni ile asilimia 10 ya mapato ya ndani: wanawake 4, vijana 4, wenye ulemavu 2. Ulisimamishwa 2023 ukarudi 2024. Anzeni kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata, kikundi kisajiliwe, kiwe na akaunti. Ila dada, msikope ili mgawane. Kikundi chetu kiligawana, kila mtu akashughulikia ya kwake nyumbani, na hadi leo tunadaiwa. Kopeni kwa kazi moja mnayoiona wote, mfano kununua mpunga wakati wa mavuno na kuuweka.

Shemeji wa Pwani:
Sanduku msilitupe, linawafaa kwa hela ndogo za wiki. Zikizidi, hasa mkikaribia kuvunja, pelekeni benki, watia saini watatu. Sanduku lililojaa chini ya kitanda cha mtu mmoja ni hatari kwake na kwa watoto wake.

Nuru:
Naongeza dogo. Kila mama awe na laini iliyosajiliwa kwa jina lake mwenyewe, isiwe ya mume wala ya mtoto. Utafiti wa Suri na Jack wa 2016 ulikadiria kwamba M-Pesa ilitoa kaya 194,000 kwenye umaskini Kenya, na waliofaidika zaidi ni kaya zinazoongozwa na wanawake. Mwanamke akiwa na pa kuweka elfu tano pasipoguswa na mtu, ataitunza mpaka iwe mtaji. Kwa hiyo NIDA kwanza, mwende kwa kundi siku moja.

Mweka Hazina:
Asanteni, nimesoma yote kwa sauti na mwenyekiti akiwa hapa. Jumatano ajenda ya kwanza ni mwezi wa kuvunja, ya pili NIDA. Mwenye cherehani anauliza: leseni ya mtu inajulikanaje kama ni ya kweli?

Mjukuu wa Mahenge:
Orodha ya wenye leseni iko kwenye tovuti ya Benki Kuu. Asipokuwepo, andikeni malalamiko, na lile daftari msimrudishie.

Mweka Hazina:
Daftari liko kwangu. Nimeliweka ndani ya sanduku.