Taa ya Bibi

[Kikundi: Ukoo wa Ngamiani]

Mwanaidi: Shikamooni wakubwa. Jamani taa ya Bibi ya kitandani imeunguza chandarua. Feni ilikipeperusha kikaegemea kioo cha taa. Tundu kama kisahani cha chai.

Mama Mdogo Riziki: Yaa Rabi! Mama hajaungua?

Mwanaidi: Mzima, harufu ndiyo iliyomwamsha. Sasa hivi analalamikia neti yake tu, ilikuwa mpya.

Mjomba Hamadi: Glopu ya halojeni hiyo. Wati 40, karibu zote zinaishia kwenye joto. Chomoa ukutani, na glopu usiiguse mpaka ipoe.

Idi: Si tubadilishe glopu tu, Mjomba? Hapa Kariakoo zipo LED za pini mbili kama ile ile, wati 4.

Mjomba Hamadi: Zipo. Lakini ile taa ina kile kidude cha kuzungusha kupunguza mwanga, kilitengenezwa kwa halojeni. Ukikipa wati 4 taa inaweza kupepesa, au ukipunguza kidogo tu inazimika. Mteja wangu mmoja alimwita shehe kabla ya kuniita mimi 😂

Mama Mdogo Riziki: Basi anunuliwe mpya. Idi, chukua nyeupe kali, macho ya Mama yamechoka, apate mwanga kama wa sheli.

Mjomba Hamadi: Riziki, wewe sheli unalala? Soma boksi, iandikwe 2700K au 3000K, ile ya njano. 6500K ni nyeupe inayoelekea bluu, hiyo ya dukani. Ukiiwasha saa nane za usiku usingizi umekwenda.

Mama Mdogo Riziki: Na msahafu atausomaje kwa njano kaka?

Mjomba Hamadi: Njano si giza. Giza ni lumeni chache, yaani kipimo cha wingi wa mwanga. Atafutiwe lumeni 400 hivi, LED ya wati 4 au 5 inatosha, na kofia inayomwaga mwanga chini kwenye msahafu, siyo machoni.

Idi: [picha] Hii je? Unagusa tu inawaka, na ni ya kuchaji. Umeme ukikatika anayo.

Mwanaidi: Bibi kasikia. Anasema niandike:
"Ya kugusa sitaki. Paka akipita itawaka na kuzima usiku kucha. Nataka swichi kwenye waya, niipapase gizani niijue, nikibonyeza ilie ta! nisikie. Na kitako kiwe kizito, nikitafuta maji yangu isianguke."

Mjomba Hamadi: Mama kamaliza. Na hizo za kuchaji, Idi, nyingi LED yake imeunganishwa humo humo ndani, ikifa unatupa taa nzima. Tafuta yenye holda ya kuskrubu, E27. Glopu zake hata duka la hapo mtaani zipo.

Dada Zuhura: LUKU ya Bibi nanunua mimi, kwa hiyo naunga mkono. Halojeni ya wati 40 kwa saa tano kila usiku ni uniti 6 kwa mwezi. LED ya wati 5 haifiki hata moja.

Mama Mdogo Riziki: Saa tano za nini? Si analala saa tatu?

Mwanaidi: Anasikiliza redio taa ikiwaka 🙊

Mwanaidi: Bibi anasema nimemchongea.

Idi: [picha] Hii hapa. Kitako cha chuma, swichi ya waya, kofia ya kitambaa, glopu ya 2700K. Nimemwambia muuzaji aiwashe dakika kumi, nimeshika kofia, haina moto.

Mjomba Hamadi: Chukua. Shingo ya glopu itapata joto kidogo, kawaida yake. Ila Mwanaidi, neti ichomekwe chini ya godoro, isipepee tena.

Mwanaidi: Sawa Mjomba.

Idi: Naipakia kwenye basi la kesho asubuhi. Mwanaidi uwe stendi mapema.

Mwanaidi: Ile ya zamani niitupe?

Mwanaidi: Bibi kasema ole wangu. Kibakuli chake cha kioo anataka atilie asumini.