Mwanamke aliyebaki akanyamaza: amepinga au ameshindwa?

Mleta mada:

Wakuu, kila tukigusa riwaya za usasa, zile za mwanzoni mwa karne ya 20, nasikia lawama ile ile: wanawake wake ni wanyonge. Mume anafoka, mke anakodolea macho dirisha, mawazo yanatiririka kurasa thelathini, kitabu kinaisha. Hajaondoka, basi hajapinga. Mimi nasema tunapima kwa kipimo cha mlango tu: nani katoka, nani kabaki.

Chukueni To the Lighthouse ya Virginia Woolf (1927). Bwana Ramsay ni mwanafalsafa, lakini akiwa nyumbani kazi yake kubwa ni kudai ahurumiwe. Mwisho wa sehemu ya kwanza wamebaki wawili usiku, mke ana soksi anayofuma mkononi. Mume anataka kitu kimoja, aambiwe kwamba anapendwa. Mke anajua fika. Badala yake anamgeukia, anatabasamu, anamwambia: ulisema kweli, kesho mvua itanyesha. Hiyo mvua ndiyo waliyovutania tangu ukurasa wa kwanza! Amemwachia ubishi wote wa hali ya hewa, ila lile neno lenyewe hakulitoa, na Woolf anaandika waziwazi kwamba mke ndiye aliyeshinda.

Miaka kumi baadaye mama yule kafariki, na mzee anamgeukia Lily Briscoe, mchoraji asiye na mume. Anasimama karibu na turubai akiguna na kushusha pumzi, anangoja kuliwazwa. Lily anatafuta la kusema, hana. Anatazama chini na kuropoka: buti nzuri hizi! Anaona haya, anangoja kufokewa. Mzee uso unamkunjuka, anaanza somo la kufunga kamba: anakifunga kiatu cha Lily mara tatu, anakifungua mara tatu. Aliombwa moyo, akasifia buti. Kama huko si kukataa, nifundisheni kukataa ni nini.

Mchangiaji wa kwanza:

Mkuu, umekata hadithi pale inapokufaa. Endelea mistari michache tu: mzee akiwa ameinama juu ya kiatu, Lily anashikwa na huruma mpaka machozi yanamlenga. Kwa hiyo mzee alichokitaka amekipata, kimechelewa kidogo tu. Na huyo Bibi Ramsay mshindi, kesho yake nani anasimamia chakula cha wageni? Ushindi ambao aliyeshindwa analala amefurahi mimi siuelewi.

Tena wewe umechagua nyumba yenye watumishi. Mimi nakuletea Eveline wa James Joyce, hadithi fupi kwenye mkusanyo wa Dubliners (1914). Msichana wa miaka 19 na kitu, anauza dukani, mshahara wake wote, shilingi 7, anamkabidhi baba, halafu kila Jumamosi usiku ni ugomvi kumtoa baba hela ya matumizi ya nyumba. Kuishi na vitisho vya mzee huyo kumempa ugonjwa wa moyo kwenda mbio. Baharia anamkatia tiketi ya kwenda naye Buenos Aires. Gatini, meli ikikaribia kung'oa nanga, dada anang'ang'ania chuma cha uzio kwa mikono miwili na hatoki. Naye tumpe kombe? Maana kwa kipimo chako hata kuganda ni mapambano.

Mchangiaji wa pili:

Nipite haraka. Mnasahau kalamu imeshikwa na nani. Sura ya mwisho ya Ulysses, riwaya ya Joyce huyo huyo (1922), ni Molly Bloom kitandani, sentensi ndefu nane, karibu hazina alama za uandishi. Na neno la kwanza analianzia wapi? Kwamba mumewe kataka aletewe kifungua kinywa kitandani na mayai mawili. Watu wanaita huo uhuru wa sauti ya mwanamke. Mimi naona mwanamume aliyeamua kwamba mwanamke akiachwa aseme peke yake, hajui kuweka nukta.

Mleta mada:

La Molly nakuachia, sina ugomvi nalo, ingawa nacheka kila nikilisoma.

Mchangiaji wa kwanza, umenibana kwa Eveline, nakubali. Tofauti yake na Lily si ushujaa, ni mshahara unaangukia mkono wa nani. Woolf mwenyewe alilisema mwaka 1929: mwanamke akitaka kuandika awe na pauni 500 kwa mwaka na chumba chake chenye kufuli. Eveline hana hata shilingi 7 zake, na juu yake kuna kiapo alichompa mama kitandani pa kufa, kwamba ataishika nyumba isisambaratike. Huwezi kudai mtu wa namna hiyo akatae kama Lily.

Ila kwenye machozi sikubali. Huruma ya Lily imekuja wakati haidaiwi tena. Anataka kusema neno, watoto wa mzee wanatokea, safari yao ya kwenda mnara wa taa inaanza, na mzee hana haja nayo. Lily anabaki nayo yote, anarudi kwenye turubai. Ile picha anaimaliza, na Tansley, yule mgeni wa akina Ramsay aliyemwambia wanawake hawawezi kuchora, hayupo kuiona. Hata angekuwepo!

Mchangiaji wa tatu:

Samahani wakubwa, nimechelewa kuingia. Nimerudia kumsoma Eveline sasa hivi kwa sababu yenu. Wote mnazungumza kana kwamba karudi kwa baba. Frank, yule baharia, anamwita avuke, yeye anamtazama kwa uso mweupe, macho hayana penzi, hayana kwaheri, wala dalili ya kumtambua. Hadithi inakatika hapo, mikono ikiwa bado kwenye chuma. Mmemwona wapi akirudi nyumbani?