Naomba ushauri: wanafunzi wanang'ang'ania kuwa sumaku huvuta metali zote

Walimu wenzangu, habari za kazi. Nafundisha sayansi darasa la nne, watoto 46, sumaku 6 tu.

Nilivipa vikundi msumari, waya wa shaba, karatasi ya alumini na sarafu. Walibashiri kwanza, kisha wakajaribu. Waliona kwa macho yao kwamba shaba na alumini hazivutwi, lakini kwenye jaribio la wiki iliyofuata zaidi ya nusu wakaandika "sumaku huvuta metali zote". Nahisi lugha inachangia, maana katika mazungumzo ya kawaida karibu kila metali huitwa chuma. Sarafu nazo zilizidisha mkanganyiko: baadhi zilinasa, nyingine hazikunasa.

Nimerudia maelezo ubaoni, hayakusaidia. Sindano tuliyoisugua kwa sumaku na kuielesha juu ya jani ilijipanga kaskazini-kusini, wakafurahi mno, ila hilo halijibu tatizo langu.

Ni zoezi gani la vitendo limewasaidia watoto wenu kutenganisha chuma na metali nyingine? Na sarafu niziache kabisa, au nizitumie kuwaonyesha kwamba baadhi zina chuma ndani? Kipindi kijacho ni Alhamisi. Natanguliza shukrani.