Re: Leseni imekwama, nimwandikie nani?

Kutoka: Dada wa Aurora

Shikamooni wakubwa, na rika langu mambo vipi. Leseni yangu ya uuguzi imelala kwenye idara ya jimbo letu la Illinois tangu kiangazi. Nikipiga simu naambiwa nisubiri. Rafiki akanishauri nimwandikie mbunge wetu wa Washington. Ofisi yake ikanijibu kwa adabu kwamba hilo si lao. Sasa ni la nani? Halafu mimi bado si raia, nina grinikadi tu. Wana sababu gani ya kunisikiliza?

---

Kutoka: Mzee wa Hyde Park

Marahaba binti. Hawakukufukuza, wamekwambia kweli. Leseni ya uuguzi, ya udereva, ya saluni, sheria za polisi wa mtaani: yote hayo hupikwa Springfield, makao makuu ya jimbo, liliko bunge la Illinois. Washington kaombe mambo ya viza, uraia na pasipoti. Kila mkazi wa Illinois ana watu wawili Springfield, seneta mmoja kati ya 59 na mwakilishi mmoja kati ya 118, na nina hakika wengi humu hatuwajui hata kwa sura.

Kinachonichekesha ni kwamba Obama wetu alitokea hukohuko. Kule Kenya watu waliingia baa wakaagiza "Obama" wakimaanisha bia ya Senator, lakini useneta wake wa kwanza hakuna aliyeuimba. Kuanzia Januari 1997 hadi Novemba 2004 alikuwa seneta wa jimbo, wilaya ya 13, huku kwetu kusini mwa Chicago. Miaka sita ya mwanzo chama chake kilikuwa wachache kwenye Seneti, na mtu wa wachache hata akiwa na mswada mzuri unaozea kwenye kamati. Mwaka 2000 akajaribu kukimbilia Washington, akamvaa Bobby Rush, mbunge aliyekuwa na kiti, kwenye kura za mchujo, akapigwa vibaya: Rush asilimia 61 hivi, yeye 30. Ilimbidi arudi Springfield.

Mambo yaligeuka 2003, chama chake, Democratic, kilipoishika Seneti na Emil Jones akawa rais wake. Mwaka huohuo ikapita sheria ya kurekodi kwa video mahojiano ya washukiwa wa mauaji. Kumbukeni hali ya Illinois wakati ule: tangu adhabu ya kifo irudishwe mwaka 1977, watu 12 walikuwa wameuawa kwa kudungwa sindano, na kufikia mwaka 2000 wengine 13 walikuwa wametolewa kwenye orodha ya kufa baada ya kuonekana hawana hatia. Wengine walikuwa wamekiri chini ya kipigo. Polisi na waendesha mashtaka hawakuutaka mswada ule. Obama alikaa nao kikao baada ya kikao, akilegeza hapa na kukaza pale, mpaka ukapita Seneti bila kura ya kupinga. Illinois ikawa ya kwanza kuweka hilo kwa sheria ya bunge; Alaska na Minnesota zilikuwa zimelazimishwa na mahakama.

Na kuna ile inayotugusa sisi moja kwa moja. Ukisimamishwa na polisi barabarani Illinois, anatakiwa aandike wewe ni wa rangi gani, kwa jinsi anavyokuona, kwa nini amekusimamisha na kama amelipekua gari. Takwimu hizo zinakusanywa tangu Januari 2004. Mswada huo nao ni wake.

---

Kutoka: Kaka wa Rockford

Mzee, kwa heshima zote, umempamba mno. Mbona hukusema aliingiaje? Kiti kilikuwa cha Alice Palmer, mama aliyemuunga mkono mwanzoni. Mama akajaribu Congress, bunge la Washington, akashindwa na Jesse Jackson Jr. mwishoni mwa 1995, akataka kurudi kwenye kiti chake. Kijana Obama akakataa kumpisha. Tena akatuma watu wake wakapekue saini za wapinzani mojamoja! Ili mtu agombee zilitakiwa saini 757 halali za wapiga kura. Huyu ameandika jina kwa herufi kubwa badala ya kusaini, nje. Yule anakaa mtaa usio wa wilaya, nje. Wapinzani wote wanne wakaenguliwa au kujitoa, Mama Palmer akiwamo, akabaki peke yake kwenye mchujo. Nyumbani tungeita figisu.

Na zile kura za "nipo", si ndiyo wala si hapana? Alizipiga zaidi ya mia.

---

Kutoka: Mzee wa Hyde Park

Figisu ni kuvunja sheria, mdogo wangu, yeye aliisoma. Ila sikatai, Mama Palmer alitendewa ukatili, na huku kusini wapo wazee waliokaa na kinyongo miaka. Za "nipo" zina hesabu yake: mswada unahitaji kura 30 kati ya 59 hata kama wengine wametoka nje, kwa hiyo "nipo" inauzamisha sawasawa na hapana. Ni njia ya kukataa bila kubanwa sana uchaguzi ukifika.

Lakini hizo saini umenikumbusha jambo. Akija mtu mlangoni na karatasi akuombe usaini ili fulani agombee, kama si raia usisaini, hiyo ni ya wapiga kura walioandikishwa. Na pale wanapotoa leseni ya udereva wakikuuliza kama uandikishwe kupiga kura, sema hapana, na usome kila kisanduku kabla ya kuweka kidole. Kujitolea bila malipo kwenye kampeni ruksa. Kuchanga pesa, mwenye grinikadi anaweza. Mwenye viza asithubutu.

Sasa jibu la swali lako, binti. Sensa inahesabu wakazi, hata mtoto mchanga, na wilaya huchorwa kwa hesabu hiyo. Wewe umo. Ingia tovuti ya Bodi ya Uchaguzi ya jimbo, weka anwani yako, utawaona wako wawili. Usiandike Springfield, piga simu ofisi yao ya wilaya, ile iliyo karibu na nyumbani, omba mtu anayeshughulikia matatizo ya wakazi. Andaa namba ya faili, tarehe uliyotuma maombi, na orodha ya siku ulizopiga simu na ulichojibiwa. Watakupa fomu ya idhini usaini ili idara iweze kuzungumza nao kuhusu faili lako. Hiyo saini haina tatizo.

---

Kutoka: Dada wa Aurora

Asanteni. Nimewapata wote wawili. Kumbe ofisi ya mwakilishi iko nyuma ya duka ninakonunua unga! Naenda kesho nikitoka zamu ya usiku.