Binti yangu anataka uhandisi: tukienda kutembelea vyuo, tuangalie nini?

MamaNeema_Umoja
Hamjambo wote. Binti yangu alifanya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, mwaka jana na alama zake zinamruhusu kuomba uhandisi wa ujenzi. Kabla hajapanga machaguo yake ya KUCCPS, wale wanaowapangia wanafunzi vyuo, nataka tukavione vyuo kwa macho yetu: Chuo Kikuu cha Nairobi, Technical University of Kenya pale Haile Selassie, na JKUAT, Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta, kule Juja. Mimi nauza nguo Gikomba na sikubahatika kusoma chuo, kwa hivyo sijui mtu akishapita getini aanzie wapi. Siku nikifunga kibanda hakuna kinachoingia, na nauli ni ya watu wawili. Nisaidieni, nisirudi na picha za majengo tu.

Komredi_MwakaWaNne
Mama, pole na kazi. Nendeni katikati ya wiki, muhula ukiwa unaendelea. Siku maalumu ya wageni kila kitu hupigwa deki, na unaoongea nao wamechaguliwa. Hivyo viwili vya mjini mtavimaliza siku moja kwa miguu, kutoka University Way mkikata katikati ya jiji hadi Haile Selassie. Juja ipeni siku yake. Bebeni kitambulisho cha getini na nakala ya matokeo, na mpige simu idarani mapema.

Kisha mtafuteni mwanafunzi wa mwaka wa tano, si wa kwanza. Muulizeni: alama zako zote ziko kwenye mfumo? Kuna watu wamefanya mitihani yote wakakosa kuhitimu na wenzao kwa sababu alama za somo moja la mwaka wa pili hazionekani, na mhadhiri aliyelifundisha alishaondoka. Muulizeni pia atachimenti, yaani mafunzo ya kazini, aliipataje, kama idara ilimsaidia au alizunguka mwenyewe na barua mkononi.

BabaMapacha
Kabla ya nauli, dada, hakikisha jambo moja: kozi yenyewe inatambuliwa na Bodi ya Wahandisi Kenya, EBK. Chuo kuwa na jina hakutoshi, bodi huangalia kozi kwa kozi. Mdogo wangu alisoma miaka 5 mahali fulani, akahitimu, akaenda kujisajili akaambiwa kozi yake haitambuliwi. Mama yetu alikuwa ameuza ng'ombe wawili. Mkifika idarani ombeni kuonyeshwa barua ya bodi, na msome tarehe yake. Msione haya kuomba.

FundiWaZege
Nimefanya kazi kwenye maabara ya zege miaka mingi, acha nikupe kipimo changu. Ombeni kuingia maabara ya vifaa vya ujenzi. Mtaona mashine kubwa ya kuvunjia zege na, karibu nayo, tangi la maji lenye michemraba ya zege ndani. Kila mchemraba huandikwa tarehe ulipomwagwa, kwa sababu hupimwa nguvu siku ya 7 na siku ya 28. Someni hizo tarehe. Zikiwa za mwezi huu, wanafunzi wanamwaga zege kwa mikono yao. Tangi likiwa kavu na mashine ina vumbi la kuandikika jina, jiulizeni wanasomea wapi hiyo kozi.

MwalimuMstaafu
Mama Neema, nakuomba ukifika ndani umwachie binti saa nzima atembee peke yake. Nimepeleka wanafunzi vyuoni mara nyingi: mzazi akiwepo, mtoto husimama nyuma na wenyeji humjibu mzazi. Wewe tumia saa hiyo nje ya geti kuulizia vyumba: kodi, amana, maji, na taa za njia atakayopita usiku akitoka maktaba. Hosteli za chuo huwa hazitoshi wote.

MamaNeema_Umoja
Mwalimu, kumwachia aende peke yake kulinitia wasiwasi, lakini jana nimefanya hivyo. Tumeanza na vya mjini. Nilikaa kwenye benchi chini ya mti, yeye akaenda na daftari lake. Saa ilipita, ikaongezeka nusu. Aliporudi sketi ilikuwa na vumbi jeupe mbele. Fundi wa maabara alimkabidhi mchemraba wa zege aubebe, kama kilo 8 hivi, akamwonyesha tarehe: wiki iliyopita. Neema aliukumbatia kifuani kama mtoto. Kwenye matatu hakunyamaza hadi Umoja.

Barua ya EBK tumeiomba, tukaonyeshwa. Asante sana Baba Mapacha, na pole kwa mama yenu.

Juja tunaenda Alhamisi. Kuna anayeishi Gachororo, pale karibu na JKUAT, aniambie maji hutoka siku ngapi kwa wiki?